Primula na Kisu cha Mkate

Primula hugawanywa mara tu maua yanapokwisha. Katika bustani za Uingereza, ambako primula ya mwituni, Primula vulgaris, huchanua zaidi Machi na Aprili, kazi hiyo huangukia Mei au mwanzoni mwa Juni. Wakati huo mmea huanza kuota mizizi mipya, na udongo bado una unyevu. Wenye bustani wengi hulikumbuka jambo hili Julai, ardhi ikiwa imekauka. Hapo afadhali wanywe chai wasubiri mvua za Septemba.

Dalili za kutaka kugawanywa huonekana kila baada ya miaka 2 au 3: shina huinuka juu ya udongo, majani husongamana, maua hupungua. Dawa inayopendwa na wengi ni kumwaga mbolea. Majani huneema, maua huendelea kususa.

Mmea humwagiliwa vizuri siku ya kuamkia kazi, kisha huinuliwa kwa uma wa bustani, mizizi ikiwa mizima. Anayeshika majani na kuvuta huondoka na majani. Lakini yakitoka kwa wepesi wa kutia shaka, mvutaji asijilaumu: huenda mabuu ya fukusi, meupe yenye vichwa vya kahawia, yamekwisha kula mizizi yote. Mdudu huyu ana adabu ya ajabu: huuacha mmea ukijidai mzima hadi siku utakapoguswa.

Mizizi huoshwa ndani ya ndoo ili maungio yaonekane. Kila kichwa cha majani chenye mizizi yake ni mmea kamili, na huachanishwa kwa vidole taratibu, kama mtu afumuaye nywele zilizosukwa. Kisu ni cha mashina makongwe yaliyokataa kuachana. Kisiwe cha jikoni, kanuni ambayo kwa kawaida hugunduliwa kuwa imevunjwa wakati wa kukata mkate. Kipande cha shina kikavu kisicho na mizizi hutupwa, hata kama roho inauma, na majani makubwa hupunguzwa ili yasipoteze maji. Wenye kugawa Primula obconica, ile ya chunguni sebuleni, huvaa glavu: ina kemikali iitwayo primini, inayoweza kumwasha mtu vibaya.

Vipande hupandwa siku hiyo hiyo, penye kivuli chepesi na udongo wenye mboji, vikiachana sentimita 15 hadi 20. Humwagiliwa hadi vishike, na koa hufukuzwa kila jioni bila matumaini makubwa.

Kuna anayeuliza kwa nini asipande mbegu. Primula huzaana kwa kuchanganyika. Charles Darwin alieleza mwaka 1862 jinsi maua yake ya namna mbili yanavyosaidia uchavushaji baina ya mimea tofauti. Mbegu ya aina yenye jina hutoa watoto wasiofanana na mama, na zile zenye maua ya tabaka nyingi, kama 'Lilacina Plena', mara chache hutoa mbegu.

Tatizo lisiloandikwa vitabuni ni wingi. Mmea mmoja hutoa vipande 4 au 5. Jirani wa kwanza hushukuru, wa pili hupokea, wa tatu hukuta beseni mlangoni asijue limetoka wapi. Vinavyobaki huwekwa vyunguni na vibandiko vya majina, ambavyo mvua huvifuta kabla ya Krismasi, hivyo rangi zake hujulikana tena Aprili.