Wamenikata Bima, Wamenipa Ushauri

Siku hizi ofisini kwetu kila ninaponyang'anywa kitu napewa ushauri badala yake. Waliondoa sukari kwenye chai, wakamleta mtaalamu wa lishe atueleze madhara ya sukari. Walisimamisha basi la jioni la wafanyakazi, ikaja barua pepe ya kutupongeza kwa kutembea. Majuzi wamefuta matibabu ya meno kwenye bima yetu, na mimi nikajua kinachokuja. Kweli, haukupita muda, tangazo likabandikwa kando ya lifti: semina ya usafi wa kinywa, wote mnakaribishwa. Lifti yenyewe imekufa tangu Ramadhani, ila hayo nayo tumeambiwa ni mazoezi.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa makaratasi ya kutolea makontena bandarini. Jina la kampuni silitaji, maana kazi bado naitaka, angalau mpaka mwisho wa mwezi. Nilipoingia, mwajiri alikuwa hatoi mshahara mkubwa, lakini alikuwa na ukarimu wa mambo madogo madogo. Saa nne chai ya maziwa na mahamri. Mwisho wa mwaka mchele, mafuta na unga. Na bima ya afya ambayo ukiionyesha hospitalini unaitwa "mheshimiwa". Sasa saa nne tunapata maji moto, majani ya chai ujiletee mwenyewe. Mwisho wa mwaka tunapata kalenda yenye picha ya mkurugenzi, ananing'inia ukutani Januari mpaka Desemba akitabasamu, na hesabu ya siku za malipo iko chini ya kidevu chake.

Ningeyavumilia yote haya kama hati yangu ya mshahara ingekaa kimya. Lakini ile karatasi inazidi kurefuka, na kadiri inavyorefuka ndivyo pesa zinavyopungua. Tuchukue mtu wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Sisemi ni nani, mke wangu husoma safu hii. Mtu huyo, kabla ya Februari 2023, alikuwa akikatwa shilingi 200 za uzeeni na 1,300 za NHIF, ile hazina ya bima ya hospitali tuliyokuwa nayo tangu 1966. Jumla 1,500, ukiacha ushuru wa mapato ambao huo ni kama mvua ya masika, hakuna wa kumlaumu. Kisha malipo ya uzeeni yakaanza kupanda ngazi kila Februari, na kufikia 2025 mtu wetu yuleyule akawa anatoa 3,600. Ikaingia ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, hiyo ni 900. Na Oktoba mosi 2024 NHIF ikazikwa, ikazaliwa SHA, nayo inachukua asilimia 2.75 ya mshahara mzima kabla hujaugusa: 1,650. Jumlisha mwenyewe. Mimi nilijumlisha, nikapata 6,150, nikamwomba mhasibu naye ajumlishe kwa mashine yake kubwa, tukapata jibu lilelile. Mashine haikuwa na huruma.

Nikiri jambo moja lililonifurahisha. NHIF ilikuwa na dari: ukipata laki moja au ukipata milioni, mwisho wako ni 1,700. SHA haina dari. Bosi wa milioni moja anakatwa 27,500 kila mwezi kwa ajili ya afya yake na yangu. Siku zile za mwanzo ghorofa ya juu kulisikika kelele ambazo sisi wa ghorofa ya chini tulizifahamu vizuri, kwa kuwa ni zetu. Kwa mara ya kwanza mkurugenzi alishuka ngazi (lifti, nimeshasema) kuja kutuuliza hii SHA inatibu nini hasa. Tulifarijika. Faraja ikadumu mpaka bima yetu ya ofisi ilipofika wakati wa kuhuishwa, ndipo wakubwa walipogundua kwamba, kwa vile sote sasa tunachangia SHA, hakuna haja ya kampuni kutudekeza mara mbili.

Tukaitwa ukumbini kumsikiliza wakala wa bima. Kijana mtanashati, suti ya vipande vitatu kwenye joto la Machi, na mashine ya kutupa picha ukutani. Picha ya kwanza ilikuwa familia inacheka kwenye nyasi. Ya pili ilikuwa ni sisi, tumegeuzwa kuwa nguzo nyekundu. Akatueleza kwa upole kwamba bima ya kikundi hupangiwa bei kulingana na madai ya mwaka uliotangulia. Mkitumia kidogo, mwakani mtahurumiwa. Mkitumia sana, mtapandishiwa. "Na ninyi," akasema, huku akiigusa ile nguzo nyekundu kwa fimbo, "mwaka jana mlitibiwa sana."

Ukumbi ukanyamaza, kisha macho yakaanza safari. Yakaenda kwa mhasibu mwenye ugonjwa wa sukari. Yakaenda kwa dada wa mapokezi aliyejifungua pacha kwa upasuaji, naye akawa anafuta kioo cha simu kana kwamba pacha wale si wake. Yakafika kwa mzee wa stoo, ambaye wote tunamwita Babu na ambaye kila baada ya miezi mitatu huenda kuchukua dawa za presha. Babu hakuangalia chini. Alinyoosha mkono akauliza:

"Mwanangu, mimi presha hii sikuzaliwa nayo. Niliipatia hapahapa stoo, mwaka ule makontena yalipokwama. Sasa na kuitibu nako ni kosa langu?"

Kijana wa suti akajibu, "La, mzee wangu, si kosa. Ni madai."

Tangu siku hiyo ofisi yetu imekuwa na polisi wa magonjwa. Mtu akipiga chafya, jirani yake anamwambia asitupandishie bima. Kijana wa usambazaji aliteguka mguu kwenye mpira wa Jumamosi, akaja Jumatatu akichechemea na hadithi kwamba amelala vibaya. Dada mmoja akitaka kwenda kliniki huaga kwamba anaenda benki, na kwa kweli ukiangalia anachoacha kule, hajasema uongo. Nilikuwa nadhani bima ni watu kuchangiana ili atakayeugua abebwe na wazima. Kwetu imegeuka: wazima wanakaa wakimhesabia mgonjwa vidonge.

Na wenye kosa wengine hawakuwa hata ukumbini. Kila aliyewahi kwenda hospitali ya kibinafsi nchi hii anajua swali la kwanza si "unaumwa nini?" bali "unalipa kwa bima au taslimu?" Kikohozi cha taslimu hupewa dawa ya kikohozi. Kikohozi cha bima hupelekwa eksrei kwanza, kisha damu, kisha daktari bingwa anayekuja Alhamisi tu. Mimi sikuomba eksrei. Nilipigwa picha kifua kizima kwa ajili ya mafua, na picha hiyo ndiyo ikaenda kuwa sehemu ya ile nguzo nyekundu ukutani.

Masharti mapya yakaja kwenye barua ya kurasa nne. Kikomo cha matibabu ya kutolazwa kimekatwa nusu. Watoto walikuwa wanne wanaoruhusiwa, sasa ni wawili, na fomu inakutaka uwaandike majina. Nina watatu. Sitasimulia kilichotokea mezani kwetu usiku huo, ila yule wa kati siku hizi ndiye anayeosha vyombo bila kuambiwa. Miwani imeondolewa, badala yake tumetumiwa picha ya jicho yenye maagizo ya kuangalia mbali kila baada ya dakika ishirini. Mimi nikiangalia mbali naona ukuta wa ghala la jirani. Na kila ukienda kwa daktari unatoa shilingi 1,000 mlangoni, yako mwenyewe, ili, kwa maneno ya barua, "kumjengea mwanachama uwajibikaji". Yaani nilikuwa naugua bila uwajibikaji.

Nimeshaujaribu mpango mpya. Mdogo wetu (huyu yumo kwenye fomu) alichemka usiku, asubuhi nikampeleka. Binti wa mapokezi akanisogezea kile kimashine cha alama za vidole. "Anko, weka kidole hapa." Nikaweka. Kikalia. "Kingine." Nikaweka kingine. Kikalia. "Anko, unafanya kazi gani? Vidole vyako havisomeki." Nikamwambia nimeshika karatasi maisha yangu yote, huenda karatasi ndizo zimenisoma mpaka nikaisha. Hakucheka, alikuwa na foleni. Kidole gumba cha kushoto ndicho kilichotuokoa. Nikatoa ile 1,000 ya uwajibikaji. Tukapimwa, ikawa malaria, tukaenda dirisha la dawa, tukakaa kungoja kampuni ya bima iidhinishe. Idhini inatoka Nairobi. Mtoto ana joto Mombasa, na kuna mtu Nairobi, pengine amevaa sweta, anaamua. Baadaye jibu likaja: dawa ya malaria imekubaliwa, ya homa imekubaliwa, ile ya kumrudishia hamu ya kula haikukubaliwa. Kwa bei ya unga ilivyo, hapo sikubishana.

Nikauliza kama SHA haiwezi kulipia kilichokataliwa, maana mwezi huu imekula 1,650 zangu na mimi sijaila kitu. Binti akaniambia niulize dirisha namba sita. Dirisha namba sita likaniambia kwa hospitali hii SHA husaidia ukilazwa. Nikatazama kitanda kilichokuwa wazi, nikamtazama mwanangu aliyekuwa ameshaanza kucheza na stuli, nikaona aibu kwa wazo lililonijia.

Niwe mwadilifu kidogo. Mwajiri naye anakamuliwa: ile asilimia 1.5 ya nyumba analipa yake juu ya yangu, na ya uzeeni vilevile. Ila kwa SHA hachangii hata senti, kazi yake ni kunikata na kupeleka. Kwa hiyo aliposema kwamba SHA imempandishia gharama, nilimwomba dada wa rasilimali watu anionyeshe ni gharama ipi. Akasema ni gharama ya kutukata.

Huyohuyo dada, nilipozidi kulalamika, nilimtajia Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 34 kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa za kutosha anapougua, na ikiwezekana matibabu akizidiwa sana. Nilikuwa nimekisoma usiku kucha, nikakikariri mbele yake kama mtoto wa madrasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akafungua kabati, akanionyesha sanduku la huduma ya kwanza. Ndani mlikuwa na bandeji moja, mkasi, na chupa ya spiriti iliyokauka. "Dawa hizi hapa, kaka," akasema. "Na bandeji ukiitumia, tafadhali uandike kwenye daftari."

Basi nikaenda kwenye semina ya usafi wa kinywa. Nilienda kwa sababu gego langu la chini, upande wa kulia, lilianza kunigonga wiki ileile meno yalipofutwa kwenye bima. Gego lilikuwa mle miaka yote ya bima nzuri, zima kabisa, likingoja. Mtoa mada alikuwa na meno ya plastiki makubwa kama ya ng'ombe na mswaki wa kiasi hicho. Akatuonyesha kusugua kwa mduara. Akatuambia tupunguze sukari, Babu akamjibu kwamba kwa hilo kampuni imetutangulia. Kwenye maswali nikauliza: na jino ambalo limeshaoza, ushauri ni upi? Akasema niende nikamwone daktari wa meno. Nikauliza atalipwa na nani. Akamtazama dada wa rasilimali watu, dada akatazama saa, kisha wote wakatugawia miswaki yenye nembo ya kampuni.

Gego nililing'oa kwa pesa ya mfukoni, ambayo ilikuwa karo. Risiti nimeipeleka ofisini, si kwa matumaini, nilitaka tu waione. Imerudi na muhuri wa "imepokelewa" na kijikaratasi kimebanwa juu: kwa kuwa wafanyakazi wengi wameonekana kuwa na msongo wa mawazo, Ijumaa kuna semina ya usingizi bora. Kuhudhuria ni lazima. Itaanza saa kumi na mbili jioni baada ya kazi, na kwa vile bajeti ni finyu, kila mtu aje na mto wake.