Kitabu Kiitwacho Shaaban

Hapa Mazwi, watu wakishajua kwamba "unajua kompyuta", Jumamosi si yako tena. Mkutubi wa maktaba moja mjini Sumbawanga alinipigia: "Mwanangu, vitabu vimehamia programu mpya, ila vimefika vimevurugika. Njoo mara moja." Nikavaa koti, maana Julai ya Ufipa haina mchezo, nikaenda.

Programu ya zamani iliwekwa na fundi ambaye siku hizi yuko Dar na simu yake haipatikani. Mpya ni Koha, ile ya bure iliyoanzia New Zealand na kuingia kazini mwaka 2000. Kuhamisha, waliambiwa, ni kazi ndogo: unatoa faili la CSV huku, unalipeleka kule kwa flashi. Sasa, CSV hutenga safu kwa koma. Na wakutubi, kwa desturi yao, huandika jina la ukoo, koma, ndipo jina la mtu. Koma hiyo ilipaswa kufungiwa ndani ya alama za kunukuu. Programu ya zamani haikuwa na habari hizo.

Nikasoma kwenye kioo. Mwandishi: Robert. Jina la kitabu: Shaaban. Mchapishaji: Kusadikika. Chini yake, Kezilahabi katunga kitabu kiitwacho Euphrase, na Rosa Mistika, baada ya mateso yote yale, kapewa kampuni ya uchapishaji. Kilichotia fora ni kitabu cha Roy Willis kuhusu Wafipa, *A State in the Making: Myth, History, and Social Transformation in Pre-Colonial Ufipa*, maana hicho kina koma hadi kwenye jina lake. Mwaka wa kuchapwa ukawa "History", na penye bei pakakaa Ufipa nzima ya kabla ya ukoloni.

"Bei hiyo hata halmashauri haiiwezi," mkutubi akasema.

Tukiwa hapo akaingia mzee mmoja mfugaji. Shikamoo, marahaba, anataka kitabu cha ng'ombe. Mkutubi akaandika neno, kompyuta ikajibu hakuna. Kitabu kilikuwa rafuni, nyuma ya mgongo wake, ila kwenye mfumo kimeandikwa "Ufugaji wa Ngâ€™ombe". Ile ritifaa iliyopinda, ambayo Word hupenda kuiweka, katika UTF-8, namna ya kisasa ya kuhifadhi herufi, huchukua baiti tatu. Programu ikidhani inasoma Windows-1252, namna ya zamani, kila baiti inageuka kuwa alama yake peke yake. Mzee akasogeza miwani, akakodolea kioo.

"Hii mbegu gani?"

"Ya kisasa, baba."

Kumbe kijana wa steshenari alishajaribu kusaidia. Alilifungua faili kwa Excel, na Excel ikiona tarakimu 13 za ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hujifupishia kazi: inaandika 9.78998E+12. Vitabu vingi vya Tanzania vina namba zinazoanza na 9789976, kwa hiyo alipohifadhi, vyote hivyo vikawa kitabu kimoja. Namba za simu za wasomaji nazo zilipoteza sifuri ya mbele, basi hata wadaiwa wa vitabu hawapigiki.

Dawa haikuwa ngumu. Tuliirudia programu ya zamani, tukatoa faili upya, safu zikitengwa kwa tabo badala ya koma. Tulipolifungua tukachagua UTF-8, na ISBN na simu tukaziwekea alama kuwa ni maandishi, si hesabu. Kisha MarcEdit, nayo ya bure, ikaligeuza kuwa MARC, mpangilio ulioasisiwa na Henriette Avram kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960. Humo kila kitu kina chumba chenye namba: mwandishi 100, jina la kitabu 245. Shaaban Robert akaingia 100 akiwa mzima, Kusadikika ikaingia 245, na Rosa akanyang'anywa kampuni.

Basi nawe mwalimu uliyekabidhiwa maktaba ya shule, nakili faili la asili pembeni kabla hujaligusa, na usilifungue kwa kulibofya mara mbili, Excel isije ikajifanyia yake. Peleka vitabu kumi kwanza, kisha tafuta neno ng'ombe. Ukimpata, hamisha waliobaki. Na ile leja ya mkono msiichome, hata mkubwa akisema imepitwa na wakati.