Nyembamba ya Mezani

Hongera kwa kununua kompyuta iliyomeza kila kitu. Meza imekaa safi, boksi la CPU halipo, na mgeni akiingia anadhani umeleta televisheni ofisini.

Tuichukue iMac ya inchi 24 ya mwaka 2021, maana ndiyo yenye maringo kuliko zote: unene wake milimita 11.5. Kwa umbo hilo, tundu la hedifoni ilibidi lihamie ubavuni. Lingekaa nyuma, pini ingetafuta njia ya kutokea kwenye kioo. Tundu la waya wa mtandao nalo likafukuzwa hadi kwenye adapta, huko sakafuni linakosalimiana na ufagio. Aliyenunua toleo la bei ya chini hakupewa hata hilo, mpaka aongeze pesa.

RAM haiongezwi. Ulichochagua siku ya kulipa, ndicho hicho mpaka mtengane. Na ubongo ukizeeka, usiwaze kubakiza kioo ukichomekee kompyuta nyingine, kwani tundu la kupokea picha halipo. iMac ya inchi 27 ya mwaka 2009 ilikuwa nalo, lakini ile ilikuwa nene, mwenzangu, haikujua urembo.

Halafu kipanya chake. Chaji ikiisha unakilaza chali kama mende, kwa kuwa tundu liko tumboni, nawe unakaa kukitazama. Mwaka 2024 kilio kilisikika: tundu likabadilishwa kuwa USB-C. Tumboni palepale.