Siku Nduku Alipoingia Kwenye Kila Neno

Mjukuu wa marehemu alisoma aya ya kwanza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa matangazo kanisani. Aya ya pili akasita. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali, kisha mbele ya mahema mawili yaliyojaa, na wakwe waliosafiri usiku kucha kutoka Mombasa, akatamka: "Bibi yetu alipenda... sanduku."

Watu wakainamisha vichwa. Walidhani ni uchungu unaongea.

Katika wasifu ule hapakuwa na sanduku lolote. Sentensi ilitakiwa kusema bibi alipenda sana wanawe. Iliyotoka kwenye printa ilisema alipenda "sNduku wNdukuwe", na yule kijana, ambaye nitamheshimu maisha yangu yote, aliziba pengo kwa irabu iliyokuwa karibu. Sentensi iliyofuata ilimshinda. Ilidai kwamba marehemu katika "usichNduku" wake alikuwa "mwNdukumke" hodari, akaolewa na "bwNduku" mmoja mkulima wa hapa Kathonzweni, nao "wakapendNduku" hadi mwisho. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na masufuria ya muthokoi, nikitafuta njia ya kutoka bila kupita mbele ya waombolezaji. Boma lile lina lango moja.

Familia nitaisitiri. Jina la marehemu, Nduku, siwezi kulisitiri kwa sababu ndilo lenye kisa, na akina Nduku Makueni ni wengi, hutamjua.

Niwaambie jinsi inavyowezekana, maana tangu Jumamosi naulizwa hata na waendesha boda boda. Wasifu wa marehemu hauandikwi upya. Alizaliwa, alisoma hadi karo ilipoishia, aliolewa, aliokoka, alilima, aliugua, akatibiwa katika hospitali mbalimbali. Familia huja saibani kwangu Ijumaa usiku, macho mekundu, wakiwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, na mazishi ni kesho saa nne. Kwa hiyo unafungua wasifu wa mwisho uliopendeza, unabonyeza Ctrl+H, unaandika jina la zamani juu na jipya chini, halafu unabonyeza kitufe cha kubadilisha yote. Mashine inakujibu kwa majivuno kwamba imebadilisha mahali kadhaa. Kisha unashughulikia tarehe, kijiji na majina ya watoto.

Kwa vile kila Ijumaa ni hivyo hivyo, nikatengeneza makro. Makro ni amri nyingi zilizofungwa pamoja na kupewa kitufe kimoja, na njia rahisi ya kuipata ni kuirekodi: unaiambia Word ianze kunasa, unafanya kazi yako mara moja, unaiambia iache. Wakati wa kunasa huwezi kuchagua maandishi kwa kipanya, ni Shift na mishale tu. Mara ya kwanza nilidhani kipanya kimekufa nikakichomoa na kukirudisha. Ila amri za kibodi inazidaka zote, na kosa ulilolifanya na kulirekebisha inalidaka pia, ili kila siku ikufanyie kosa hilo na kulirekebisha, kama mtoto anayemwiga babake hadi kikohozi.

Lakini utamu wenyewe uko ndani. Bonyeza Alt+F8, chagua kuhariri, na utakuta mashine imekuandikia programu kamili kwa lugha ya Visual Basic. Mimi nilikaa nikiisoma hadi mteja akagonga meza. Wewe ulisema tu badilisha hili kwa lile. Yenyewe imeandika mambo ambayo hukuyasema: itafute kuelekea mbele, ikifika mwisho irudi mwanzo, isijali herufi kubwa na ndogo. Na mstari mmoja unasema MatchWholeWord, alama ya sawasawa, False. Yaani si lazima kiwe neno zima. Hata kikiwa kipande tumboni mwa neno jingine, kamata. Mstari huo ulikuwepo siku zote. Nilikuwa nimeusoma, tena nikaupenda kwa jinsi ulivyopangwa. Nikaongeza visanduku viwili vya kuuliza, jina la zamani na jina jipya, nikaipa makro yangu Ctrl+Alt+M. M ya marehemu.

Ikafanya kazi bila doa. Musyoka akawa Mutisya, Mutisya akawa Musyimi. Sasa naelewa ni kwa nini: majina yetu yana ulinzi wake. Mpaka leo sijapata neno la Kiswahili lililobeba "sy" tumboni. Unaweza kubadilisha Musyoka mchana kutwa usiguse neno lisilohusika. Kisha tukamzika mama mmoja mcha Mungu aliyeitwa Ana, jina la yule nabii mzee wa Injili ya Luka, na wasifu wake ukatoka mzuri kuliko yote niliyowahi kuchapa. Ijumaa iliyofuata familia ya Nduku ilipoingia, nilichukua huo huo.

Hebu tazama sasa. Kiswahili kinaishi kwa "ana". Anayelima ana, anayelia ana. Watu wakipenda wanapendana, wakionana wanaagana. Bwana anayo, kijana anayo, mwana, jana, mchana, maana, sana. Hata Yohana anayo. Kile kitufe kimoja kilimtoa Ana kwenye wasifu na kumpandikiza Nduku ndani ya lugha nzima. Nami nilikagua, msidhani sikukagua! Nilikagua aya ya kwanza, ile ya kuzaliwa na wazazi, ambayo kwa bahati mbaya haina "ana" nyingine. Stima ilikuwa imeshapotea mara moja jioni ile na sikutaka kungoja ipotee tena. Nikachapisha nakala zote, nikafunga faili. Kumbukumbu ya Ctrl+Z hufa faili likifungwa.

Na hata ningeweka alama kwenye kile kiboksi cha neno zima, nisingepona. Wasifu wa awali ulikuwa na sentensi "Ana wajukuu wengi." Kwa mashine, ana wa kuwa na wajukuu na Ana wa kubatizwa ni kitu kimoja, hasa sentensi inapoanza naye kwa herufi kubwa.

Mchungaji alipopanda kuhubiri alituelekeza tufungue YohNduku 14. Alilitamka hivyo hivyo, kwa utulivu, kwa sababu ndivyo kijitabu cha mazishi kilivyoandika. Nyuma ya kijitabu kulikuwa na ule mstari wa Ayubu unaowekwa katika kila mazishi, wenye kumtaja Bwana mara tatu. Katika toleo langu, aliyetoa, aliyetwaa na mwenye jina la kubarikiwa walikuwa mtu mmoja, naye alikuwa amelala mbele yetu akisubiri kuzikwa. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando akaniuliza, taratibu kabisa, "Kijana, huyu mama alipandishwa cheo lini?"

Usiku nilijifariji kwa Tyson Gay, mwanariadha wa Marekani. Mwaka 2008 tovuti moja ya habari ya kikundi cha Kikristo huko kwao ilikuwa imeiagiza kompyuta igeuze kila "gay" kuwa "homosexual". Gay akashinda mita 100 katika mchujo wa Olimpiki, na wasomaji wa tovuti ile wakapashwa habari za ushindi mnono wa Tyson Homosexual. Yeye angalau alikuwa hai na mbio zake zilikuwa zimeshaisha.

Siwalaumu waliobuni njia hizi za mkato. Larry Tesler, ambaye pamoja na Tim Mott alitengeneza programu ya Gypsy katika maabara ya Xerox miaka ya 1970, ndiye tunayemshukuru kwa kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua. Kazi hiyo akaibeba hadi Apple, kwenye kompyuta ya Lisa ya 1983. Angalia Z, X, C na V zilivyokaa pamoja chini kushoto, mkono mmoja unazifikia zote huku wa pili umeshika chai. Tesler alifariki mwaka 2020. Naye David Bradley wa IBM alipotengeneza Ctrl+Alt+Delete, kwa ajili ya kompyuta iliyotoka 1981, alichagua vitufe vilivyo mbali makusudi ili mtu asiweze kuizima na kuiwasha mashine kwa bahati mbaya. Ilihitaji mikono miwili. Huyo ni mtu aliyewafikiria wenzake. Kitufe cha kubadilisha yote kimewekwa pembeni tu mwa kile cha kubadilisha moja.

Lakini kuna vitufe ambavyo hakuna aliyetuwekea, na hapo ndipo kicheko kinaponikauka. Ukurasa wa pili wa kijitabu ulikuwa wa Kikamba, kwa wazee, na huo ndio ulionila usiku. Kikamba kina irabu saba na kibodi niliyonayo ina tano. Kuipata ĩ ninaandika 0129 kisha nabonyeza Alt+X. Kuipata ũ ni 0169 na Alt+X tena. Neno mũndũ, ambalo mtoto wa nasari hulisema bila kuwaza, linahitaji nianzishe hesabu mara mbili. Nikasema basi nitatumia masahihisho ya papo kwa papo: niandike mundu, mashine iweke mũndũ. Ikakubali. Nikaongeza mengine mengi, likiwemo "ni" liwe nĩ. Wenye akili wameshaona. Masahihisho hayo hayakai ndani ya faili, yanakaa kwenye mashine, na kwa vile mashine inadhani kila mtu anaandika Kiingereza, tangu siku hiyo kila Kiswahili kilichopita mikononi mwangu kilitoka na nĩ. Barua ya kikundi cha wafugaji wa mbuzi ilikwenda mjini Wote ikisema mahitaji yao nĩ maji.

Na ukishamaliza kuhangaika, ukurasa mzima umepigwa mistari myekundu. Kila neno. Mashine inaniambia kwamba kila alichosema bibi yangu maishani kilikuwa kosa la tahajia. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6, hatuhitaji kuombewa huruma, tunahitaji vitufe viwili. Kiswahili chenyewe kilipiganiwa: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na katika saiba zote nilizoingia Ukambani sijaikuta hata moja. Sijapata pia kuona kitambulisho chenye ĩ au ũ. Mtu anazaliwa, anasajiliwa, anapiga kura, analipa, anakufa, na jina lake halijaandikwa popote jinsi mamake alivyoliita. Kijitabu cha mazishi ndiyo karatasi pekee ambapo familia huwa na nafasi ya kulisahihisha, nao hukileta Ijumaa usiku kwa mtu aliye na kibodi ya Waingereza na betri ya nusu saa.

Mengine ni madogo. Niliwahi kukosa Ctrl+E ya kuweka kichwa katikati nikagusa Ctrl+W, mashine ikauliza kama nihifadhi, kidole kikajibu hapana kabla yangu. Niliwahi kubonyeza Shift mara tano mfululizo nikiwaza, kibodi ikaanza kutii watu wengine. Na kwenye Excel, ambako makro ikishapita Ctrl+Z haina cha kurudisha, nilipanga majina ya chama kwa alfabeti nikaacha safu ya kilo za ndengu mahali pake. Waliopunjwa walikuja asubuhi, waliozidishiwa hawajasema neno hadi leo.

Familia ya Nduku haikulipa, na sikudai. Wiki hii wamerudi na tangazo la shukrani wanalotaka kulitoa kanisani, la Kiswahili na la Kikamba. Nimeliandika kuanzia herufi ya kwanza.

Kwa wengine wa Kathonzweni na vitongoji vyake, naomba hivi. Leteni wasifu Jumatano. Njooni na mtu wa ukoo anayejua kusoma, akae kwenye benchi, ausome wote kwa sauti kabla sijagusa Ctrl+P. Ukurasa wa Kikamba bei yake ni ile ile ya Kiswahili, ingawa unachukua muda mara mbili.