Jogoo wa Rehani

Neno mshahara tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na ndani yake limejificha shahri, ambalo kwao ni mwezi. Nasi, kwa kuwa tunauita mwezi wa angani na mwezi wa kalenda kwa jina moja, tulipaswa kutambua zamani kwamba malipo ya mtu na ile taa ya usiku ni ndugu wa damu. Mimi sikuutambua udugu huo katika chuo chochote. Niliutambua Rukuba, kwa gharama ya jogoo mmoja.

Rukuba ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, katika kata ya Etaro, wilaya ya Musoma, na mtu anayekiendea kutoka mjini aghalabu hupanda mtumbwi wa injini katika mwalo wa Mwigobero, akaketi baina ya magunia ya sukari, kreti za soda na kuku waliofungwa miguu. Kazi yangu huko ilikuwa ya ukarani: kupima sangara mizanini, kuandika uzito daftarini, na kuilinda barafu kwa ghadhabu zote. Mwajiri wangu alikaa mjini, na jina lake nalihifadhi kwa sababu ya murua, na pia kwa sababu ningali naipenda kazi.

Majirani zangu wengi walikuwa wavuvi wa dagaa, watu wanaoishi kwa giza. Dagaa huifuata taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola. Lakini mwezi ukiwa mpevu nuru hutapakaa ziwani kote, na taa ya mvuvi haina tena haiba yoyote machoni pa dagaa. Basi kila mbalamwezi mitumbwi hupandishwa mchangani, hesabu hupigwa, gharama za mafuta na chakula hukatwa, mwenye mtumbwi huchukua fungu lake na mabaharia hugawana lililosalia. Kisha huketi kushona nyavu na kucheza bao mpaka giza lirudi. Mimi niliwaonea huruma, na huruma isiyo na adabu haikai kimya. Siku moja ya Oktoba 2023, nikiwa nimeketi kwenye benchi la dukani, nilitamka mbele ya mashahidi wasiopungua saba kwamba mtu wa mshahara hana giza wala mbalamwezi, bali kila mwisho wa mwezi kwake ni mavuno. Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno kwa sababu nimekumbushwa mara nyingi.

Mwaka huo Krismasi ilikuwa Jumatatu, na mwezi ukawa mpevu usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba. Jambo hili bibi mmoja mwanika dagaa alikuwa amelipigia hesabu kwa vidole tangu Novemba, akawaonya wenziwe kwamba Sikukuu itawakuta mitumbwi ikiwa mchangani. Nao wakabana matumizi, wakaweka akiba katika kikoba, na ilipofika tarehe 20 wakagawana hisa zao kwa vigelegele. Mke wangu naye alikuwa mwanachama. Hisa zake, hata hivyo, nilikuwa nimezikopa mimi kununua redio yenye taa za rangi tatu, kwa ahadi ya kuzirudisha mshahara wa Desemba utakapoingia, ambao mwajiri alikuwa ameahidi kuutuma tarehe hiyo hiyo 20.

Tarehe 20 ikapita, ikafuatiwa na 21 kama desturi yake. Kila jioni nilipanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ambako simu yangu hushika mtandao nikiinyanyua juu na kusimama kwa mguu mmoja, nikatazama magharibi kama mzee wa msikitini mwishoni mwa Ramadhani. Mwenye duka, Mwislamu mcha Mungu na mtani wa kupindukia, aliniona siku ya pili, naye tangu hapo hakuniamkia kwa salamu nyingine.

"Karani, umeandama?"

"Bado, mzee wangu. Mawingu."

Jumamosi tarehe 23 simu ikalia nikiwa juu ya jiwe, na nusura nianguke kwa furaha. Ulikuwa ujumbe wa shemeji yangu wa Bunda: "Shemeji, kesho asubuhi tuko Mwigobero. Tuko sita." Nakiri kwamba usiku ule niliomba upepo. Sikuomba dhoruba, hasha, kwa kuwa ni ndugu wa mke wangu na mitumbwi ina watoto. Niliomba upepo wa wastani tu, wa kumfanya mtu mwenye busara aahirishe safari. Kulipokucha ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ya taa ndani ya sahani.

Masurufu yote niliyokuwa nayo ni jogoo mwekundu, mwenye undu uliolala upande kama kofia ya askari, ambaye nilikuwa nimemchukua kwa mama jirani kwa bei ya shilingi 25,000, nikatanguliza 5,000. Kwa hiyo sehemu nne katika tano za jogoo yule zilikuwa bado za jirani, na yamkini yeye mwenyewe alilijua hilo, kwa maana kila alfajiri alikwenda kuwika mlangoni kwake. Jogoo huyo ndiye niliyempeleka dukani kwapani, kuwa rehani. Nilikuwa nimeanza na redio, lakini mwenye duka aliikataa kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeniuzia, kwa hiyo anaijua. Jogoo alimpapasa kifuani, akaridhika, akafungua daftari la madeni na kuandika kwa hati nzuri ya polepole: mchele kilo 5, mafuta lita 1, sukari kilo 2, vitunguu, dhamana, jogoo 1, mwekundu, mzima. Kisha, kwa kuwa hakuwa na banda, akanirudishia jogoo nimtunzie.

Wageni wakafika. Siku ya Krismasi, baada ya ibada, wali ukiwa jikoni, shemeji akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia kama kuku amekwisha kuchinjwa. Sasa, ada ya nchi yetu ni kwamba kitoweo cha karamu huchinjwa na Mwislamu, ili kila mgeni ale bila tashwishi. Na Mwislamu wa karibu, ambaye kwa miaka yote amekuwa akituchinjia bila kudai hata shukrani, alikuwa ni yule yule mwenye duka. Nikatuma mtoto amwite. Alikuja amevaa kanzu, kisu mkononi, akaelekezwa nyuma ya nyumba, akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akamtazama tena jogoo.

"Karani," akasema taratibu, "umeniita nichinje dhamana yangu kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Mzee wangu, dhamana haipotei. Inabadilika umbo tu."

"Nimeandika *mzima*."

"Na paja moja ni lako. Zima."

Alisimama kitambo, midomo ikitetemeka, nami sikujua kama ni kwa hasira au kwa kicheko. Kisha akamwelekeza jogoo kibla, akasema bismillahi, na rehani ikatoka katika madaftari ya dunia hii. Nimepata kushuhudia mikataba mingi ikivunjwa, lakini huo ndio pekee niliouona ukinyonyolewa.

Mama jirani naye akaja, kwa kuwa harufu ya pilau haina mipaka ya viwanja, akaketi mkekani na kuomba firigisi. Msomaji anajua firigisi ni ya nani katika nyumba yenye baba. Aliiomba kwa upole mkubwa, akaongeza kwamba maadamu zile 20,000 zimechelewa, ataihesabu firigisi hiyo kuwa ujira wa subira yake. Nikampa. Mwenye duka akala paja la dhamana yake, wageni wakala kifua na bawa, nami baba mwenye nyumba nikapata shingo, ambayo ina kazi nyingi na nyama haba. Shemeji aliposhiba akajinyoosha, akatamka kwa sauti ya kusikika hadi pwani, "Lakini jamani, mtu wa mshahara ni mtu wa mshahara!" Mabaharia waliokuwa wakicheza bao chini ya mti wakacheka hata kete zikamwagika.

Mshahara uliandama Ijumaa tarehe 29, saa tisa alasiri. Kabla ya magharibi nilikuwa nimemlipa mama jirani, nimerudisha hisa za kikoba, nimewalipia wageni sita nauli ya kurudi Mwigobero, na nimekwenda dukani kufuta deni. Mwenye duka alipiga mstari juu ya mchele, mafuta, sukari, vitunguu, jogoo na wekundu wake. Neno "mzima" aliliacha bila kulikata, na lingalimo humo hadi leo. Nilirudi nyumbani na shilingi 3,400 na redio ambayo hainunuliki na mtu yeyote.

Tangu hapo nami hupiga hesabu kwa vidole. Idd el Fitr, nimegundua, haina budi kuangukia mwezi mchanga, yaani giza, dagaa wakiwa wengi na fedha zikizunguka. Ile ya tarehe 10 Aprili 2024 mwenye duka alichinja jogoo wawili, wote wakiwa wamelipiwa, akaniita, akanipakulia firigisi mbele ya watu. Krismasi haina mpango huo. Hutangatanga, mara gizani, mara mwangani. Krismasi ya 2026 mwezi utajaa tarehe 24 Desemba, mkesha wenyewe. Kwa hiyo msomaji yeyote mwenye jogoo, awe Etaro au Rukuba, mwenye subira na asiyependa sana firigisi, namsihi aniwekee mmoja mapema. Nitatanguliza shilingi 5,000.