Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu: tunaomba Karama asomwe Lushoto

Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Tanzania,

Naomba radhi mapema kwa kuthubutu kukuandikia hadharani, mimi mwalimu wa fasihi wa shule ya sekondari, nisiye na shahada ya sheria wala kesi yoyote mahakamani. Najua mezani kwako yapo majalada mazito kuliko barua hii. Najua pia kwamba watu wa kawaida wanapoiandikia ofisi yako tukufu, mara nyingi huwa wameumizwa na jambo. Mimi sina lalamiko. Nina ombi, na kwa ruhusa yako nitalieleza polepole, maana nalipenda na ningesikitika likieleweka vibaya.

Naomba kila hakimu mpya, kabla hajakabidhiwa jalada lake la kwanza, awe amesoma vitabu vichache vya fasihi ya Kiswahili vinavyozungumzia haki na dhuluma. Nalileta kwako kwa sababu Mheshimiwa ndiye Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kwa sababu kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, ambako watumishi wa mahakama husoma na kunolewa. Neno lako likifika huko halitahitaji kurudiwa mara mbili.

Niruhusu nianze na Shaaban Robert, maana ni wa huku kwetu. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, jirani na mji wa Tanga, akafanya kazi ya ukarani katika serikali ya mkoloni, na mwaka 1951 kikatoka kitabu chake Kusadikika. Wengi hukikumbuka kama hadithi ya nchi inayoelea angani. Wanachokisahau ni kwamba kitabu hicho, karibu chote, ni kesi. Karama ameletwa mbele ya mfalme. Anayemshtaki ni Waziri Majivuno. Kosa lake ni kutaka watu wa nchi yake wafundishwe uanasheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea, kwa siku sita anasimama barazani na kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, kisha wakatupwa kifungoni. Karama hapotezi muda kukana shtaka. Anafungua mashauri ya zamani ya nchi yake, moja baada ya jingine, mpaka walioketi kuhukumu wanalazimika kuyatazama yale waliyokwisha kuyahukumu.

Darasani kwangu huwa nafanya jambo moja kabla hatujafika kwenye utetezi huo. Nusu ya darasa naigeuza baraza la Kusadikika, nawasomea mashtaka ya Majivuno kwa sauti ya kiserikali, halafu nawaomba wapige kura. Mikono hupanda haraka, karibu yote, kumtia Karama hatiani. Hawa si watoto wabaya. Mashtaka yamepangwa vizuri, msemaji ana cheo, na mshtakiwa bado hajafungua kinywa. Tukimaliza siku ya sita nawaomba wapige kura tena, na hapo darasa huwa kimya kidogo kabla mkono wa kwanza haujapanda. Kuna msichana aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, na wale ambao hawakupewa siku sita?" Sikuwa na la kumjibu siku ile zaidi ya kumwambia swali lake ni zuri. Leo, kwa heshima zote, nalileta mbele yako.

Nafahamu jibu ambalo mwanasheria makini anaweza kunipa: hakimu huamua kwa ushahidi na kwa sheria, haamui kwa hadithi. Nalikubali jibu hilo kikamilifu. Sithubutu kuomba jina la Karama liandikwe ndani ya hukumu. Lakini Mheshimiwa unajua kuliko mimi kwamba sheria yenyewe humwachia hakimu nafasi pana ya kutumia busara yake. Masharti ya dhamana yawe mepesi au magumu kiasi gani. Adhabu iwe kifungo au faini. Shahidi anayebabaika ni mwongo, au ni mtu wa kijijini ambaye hajawahi kusimama kizimbani maishani mwake. Na upande wa mashtaka unaposimama kwa mara nyingine tena na kusema upelelezi haujakamilika, hakimu ataahirisha kwa mazoea au atauliza kwa nini? Katika nafasi hiyo hakimu hutegemea kile anachokijua kuhusu binadamu, na elimu hiyo ndiyo kazi ya vitabu ninavyoviombea.

Mtu aliyesoma Haini cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 2003, hawezi tena kulisikia neno "mahabusu" akaliona kama safu tu kwenye daftari la mahakama. Riwaya hiyo imetokana na kamatakamata ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Msomaji anakaa ndani na Hamza, mhusika mkuu. Anajifunza kwamba kinachomvunja mtu si kipigo peke yake. Kuna kusubiri bila kujua unasubiri nini, na kuna mke aliye nje anayezunguka kutafuta habari za mumewe na kila mlango humwelekeza mlango mwingine. Kesi ya uhaini iliyofuata ilisikilizwa pale Zanzibar bila washtakiwa kuwa na mawakili wa kuwatetea. Nafahamu, Mheshimiwa, kwamba Zanzibar ina Jaji Mkuu wake na Mahakama Kuu yake, na sina nia ya kukutwika ya huko. Nakitaja kitabu kwa sababu hali ya kusubiri haina mpaka wa bara na visiwani. Yupo mama aliyekaa leo kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo tangu asubuhi, makaratasi yake ameyafunga kwenye ncha ya khanga, hajui atakapoitwa, na akiitwa huenda akaambiwa arudi tarehe nyingine. Hakimu anayemwona mama huyu kama Shafi anavyomwona mke wa Hamza atamweleza walau sababu ya kumrudisha nyumbani.

Kitabu ambacho ningekiombea zaidi kuliko vyote, kama ningeruhusiwa kuomba kimoja tu, ni Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 kijana huyu wa Mombasa aliandika karatasi ya kisiasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? Kwa karatasi hiyo akafungwa miaka mitatu, akatoka mwaka 1972. Tungo zake za gerezani aliziandika kwenye karatasi za chooni, kwa siri. Zilipochapishwa mwaka 1973 zikawa diwani ambayo mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alipotoka gerezani alikuja kwetu, akafanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ndani ya diwani hiyo umo utungo uitwao "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambao naamini ungefaa kuwa somo zima kule Lushoto. Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mmoja yuko juu ya mti, mwingine yuko chini, na kila mmoja anatoa hoja. Walioufafanua wamesema mnazi ule ni Kenya baada ya uhuru, na hiyo ni kweli. Lakini kwa mtu atakayepangiwa Mahakama ya Mwanzo, utungo huo ni pia shauri la mirathi kama lilivyo hasa: ndugu wa tumbo moja, mali moja ya urithi, madai yanayogongana, na maneno makali ambayo chini yake kuna uchungu wa tangu utotoni. Mtunzi hakuweka hakimu. Msomaji ndiye anayelazimika kuwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, na akisoma kwa haraka atampa haki yule mwenye sauti kubwa. Sijui zoezi bora kuliko hilo kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku itakuwa kusikiliza mashauri ya mirathi na talaka, mengi yakiletwa na watu wasio na wakili.

Vingine nitavitaja kwa kifupi nisikuchoshe. Kuli, cha Shafi huyo huyo, kinamwonyesha Rashidi na wachukuzi wa bandari ya Zanzibar mpaka kwenye mgomo wa mwaka 1948, na kinafundisha jinsi mtu anavyoweza kuitwa mkorofi kwa kudai ujira wake. Na Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alipata muda wa kufasiri tamthilia ya Shakespeare iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, ambayo kilele chake ni mahakamani, juu ya mkataba wa deni ulioandikwa sawasawa na wenye ukatili ndani yake. Katika siku hizi za mikopo ya kausha damu, wakati kina mama wanachukuliwa mpaka makochi na majiko kwa mikataba waliyotia saini bila kuielewa, naona Mwalimu alituachia kitabu ambacho hakimu wa leo anakihitaji kuliko hakimu wa wakati ule.

Kuna jambo jingine, Mheshimiwa, ambalo Mahakama yenyewe imelileta. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Sisi walimu wa lugha tulifurahi mno. Mwaka huo huo Jaji Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, alipoandika uamuzi wake kwa Kiswahili, nililibandika gazeti lenye habari hiyo kwenye ubao wa matangazo wa shule. Istilahi za kisheria zinatafsiriwa na wataalamu, na kazi yao ni kubwa. Ila hukumu si istilahi peke yake. Hakimu anapaswa kumweleza mtu aliyeshindwa kwa nini ameshindwa, kwa maneno ambayo mtu huyo ataondoka nayo na kuwaeleza wanawe. Kiswahili cha namna hiyo, chenye uzito na kisichomdharau msikilizaji, kimekwisha kuandikwa. Kipo kwa Shaaban Robert, kipo kwa Abdilatif. Kinangoja kusomwa.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba haya. Chuo cha Lushoto kiweke vitabu hivi kwenye masomo ya mahakimu wapya, visomwe na kujadiliwa kwa sauti, bila mtihani, kwa sababu mtihani huua hamu ya kusoma. Vitabu si ghali: bei ya nakala chache haifiki gharama ya safari moja ya kikazi. Na pale Mheshimiwa na majaji wenzako mnapokwenda kukagua magereza, naomba nakala kadhaa ziende nanyi na zibaki huko, ili anayesubiri tarehe ya kesi yake naye ajue kwamba Abdilatif alikaa mahali kama pale na akili yake ikatoka salama.

Siku ya Sheria huadhimishwa kila mwaka mapema Februari, na Taifa zima husikiliza hotuba yako. Nakusihi, Mheshimiwa Jaji Mkuu, katika hotuba ijayo utenge sentensi moja kuwaagiza mahakimu wapya wamsome Karama kabla ya kumsikiliza mshtakiwa wao wa kwanza.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa fasihi,
Tanga