Semina ya Nguo za Haki

Tunashukuru kwa semina. Wageni walishuka na fulana za pamba asilia, maandishi ya kijani kifuani, wakatufundisha sisi wa Isiolo kwamba nguo haitupwi ikiwa bado nzima. Kweli elimu haina mwisho. Hapa shati humtumikia baba, likapunguzwa mikono limwenee kijana, kisha likawa tambara la kupangusia bodaboda, na hata hapo halijastaafu.

Mmoja alitaja Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo lililoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Tulinyamaza, maana alisema kweli. Kisha akatuhimiza tununue nguo za haki. Bei? Inakaribia ya mbuzi. Mbuzi, angalau, huzaa.

Si kwamba mitumba tunayovaa ni malaika. Robota likifunguliwa, kamera, yaani zile nguo bora, huwahiwa na wajanja. Sisi hubakiziwa fagia, vigauni vya polista vilivyovaliwa Ulaya mara moja, mshono tayari umeanza kufumuka. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikakohoa kuhusu AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na Kenya ikakumbuka ghafla inavyoipenda mitumba. Rwanda iliyokaza shingo ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018.

Fundi cherehani wa barazani hakualikwa. Alikuwa akibadilisha zipu ya suruali ya mkufunzi, iliyogoma kabla ya chai ya saa nne. Alidai shilingi 100. Mkufunzi akaomba apunguziwe.